GEMU, FANANI NA HADHIRA: MWAKA MMOJA KATIKA VIBANDA VYA KARAGWE NA KYERWA

Tulipofungua chuo baada ya likizo ndefu, mhadhiri wetu wa semina alimtaka kila mmoja wetu ataje kazi ya sanaa iliyomshughulisha zaidi katika mwaka mzima uliopita. Wenzangu walitaja riwaya, tamthiliya na diwani. Zamu yangu ilipofika nikasema ukweli, kwamba kazi zilizonishughulisha zaidi ni gemu za video, nilizozitazama na kuzicheza nyumbani Karagwe na kwa ndugu zetu wa Kyerwa. Darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka, lakini akauliza swali ambalo halijanitoka hadi leo: "Sawa, lakini hapo fasihi iko wapi?" Siku ile nilijiumauma tu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kwanza niondoe hofu. Sina nia ya kudai kwamba kila kinachosisimua ni fasihi, maana tukienda hivyo hata bia itaingia kwenye silabasi. Wala sitaki kurudia ugomvi wa wenzetu wa ng'ambo. Mwaka 1997 Espen Aarseth wa Norway alitoa kitabu chake kuhusu matini ambazo msomaji hana budi kuzitolea jasho ndipo zisonge mbele, na mwaka huohuo Janet Murray wa Marekani akatoa chake kuhusu mustakabali wa usimulizi ndani ya kompyuta. Baada ya hapo wataalamu wakagawanyika: wako waliosema gemu ni hadithi, na wako waliosema gemu ni mchezo tu na hadithi ni pambo. Pande zote mbili zilikuwa zinamtazama mtu mmoja aliyekaa peke yake mbele ya skrini. Kwetu sikumwona mtu huyo. Nilichokiona ni umati. Na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Kwa msomaji asiyeijua sehemu hii: Karagwe iko magharibi ya mkoa wa Kagera, na Kyerwa ni wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Omurushaka ni njia panda. Ukishika huku unakwenda Kayanga, ukishika kule unakwenda Nkwenda na mwishowe Murongo, kwenye mto Kagera, mpakani na Uganda. Ni nchi ya migomba na kahawa, na lugha ya nyumbani ni Kinyambo. Kibanda nilichokizoea kiko nyuma ya maduka: mbao, bati, benchi tatu, runinga mbili, PlayStation 2 moja kongwe na PlayStation 4 moja inayofunikwa kitambaa kama mtoto mchanga. Ukutani pameandikwa kwa chaki MWANAFUNZI HARUHUSIWI, na chini ya maandishi hayo wamekaa wanafunzi. Mechi ya mpira kwenye mashine kongwe ilikuwa shilingi 200, kwenye mpya 500. Sheria ni moja nayo haiandikwi popote: aliyefungwa analipa, mshindi anabaki.

Nilifika pale mara ya kwanza Julai 2024, nikimfuata mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kumwita chakula. Nikakuta wavulana kama ishirini na tano, na pedi ni mbili tu. Yaani wanaocheza ni wawili, ishirini na tatu wanatazama. Nikajiuliza wamefuata nini. Nilisimama mlangoni nikidhani nitakaa dakika tano. Chakula kilipoa.

Sauti ya runinga ilikuwa imezimwa. Wachezaji wawili walikuwa kimya, wamekaza macho, vidole vinakwenda. Aliyekuwa anasema ni mdogo wangu. Alisimama kando ya runinga, ameegemea nguzo, akitangaza mechi nzima kwa Kiswahili cha redioni, kisha akiingiza Kinyambo panapotakiwa kuchekesha, kisha akirudi kwenye Kiswahili panapotakiwa ukali. Wachezaji wa Ulaya aliwapa ukoo na vijiji. Beki mmoja Mholanzi alifanywa kuwa mtu wa Kaisho aliyekuja Omurushaka kuuza ndizi akasahau gari la kurudi, ndiyo maana anachelewa kurudi nyuma. Mshambuliaji aliyekosa goli alitajiwa deni analodaiwa dukani. Umati ulimjibu. Akisema, "Anaupeleka wapi?", wanaitikia kwa pamoja jina la mahali, na kila mara ni mahali pengine. Hakuna aliyewafundisha.

Profesa M. M. Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 ilihusu tendi za enanga za Wahaya, anatukumbusha katika Fasihi ya Kiswahili (1996) kwamba fasihi simulizi si maneno matupu bali ni tukio katika jamii, linaloundwa kwa kukutana kwa mambo kadhaa: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Sisi wanafunzi tumeyakariri haya kwa ajili ya mtihani, lakini wangapi tumewahi kuyatumia kutazama jambo ambalo halijaitwa fasihi na mtu mwingine kabla yetu? Mimi nilijaribu pale mlangoni. Hadhira ipo, wala si hadhira ya kukaa kimya. Mahali ni kibandani. Wakati ni jioni, watu wakishatoka shambani, na zaidi siku ya gulio. Tukio ni mechi. Je, fanani ni nani?

Hapa ndipo wengi tungekosea, na mimi nilikosea kwa wiki nzima. Tungemtaja mwenye pedi. Lakini mwenye pedi hasemi na mtu. Kazi yake ni sawa na kazi ya vidole vya mpiga enanga. Kwa asiyeijua, enanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwenye ubao wenye shimo la mviringo, na kwa majirani zetu Wahaya ndiyo iliyobeba tendi za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Vidole vinatoa mwendo; kinachosimulia ni mdomo. Tofauti ni kwamba kwenye enanga vidole na mdomo ni vya mtu mmoja, ilhali kibandani kazi imegawanywa: wawili wanapiga nyuzi, mmoja anaimba. Gemu yenyewe, iliyotengenezwa ng'ambo, ndiyo ala. Ala haiwi utendi kwa kulala mezani.

Nathubutu kusema hivyo kwa sababu ya jambo jingine pia. Mwaka 1980 Peter Seitel alichapisha mkusanyiko wa ngano za Wahaya kwa Kiingereza, na jina la kitabu alilichota kwenye mwanzo wa kimapokeo wa ngano zenyewe. Fanani hudai kwamba alifika akaona, nayo hadhira humtaka aone ili nao wapate kuona. Tafakari maneno hayo. Hadhira haisemi "tuambie". Inasema ona. Msimulizi ni jicho la wote. Sasa nenda kibandani, picha zipo wazi kwenye runinga na kila mtu ana macho yake mawili, lakini mdogo wangu akinyamaza watu wanapiga kelele: "Wee, tunaangalia nini sasa?" Kumbe picha haitoshi. Wanataka aone, ndipo waone.

Msomaji ataniuliza: mpira sawa, una watangazaji hata redioni; vipi gemu zenye hadithi ndani yake? Swali zuri, na ndilo lililonipa raha kuliko yote.

Kwenye PlayStation 2 gemu iliyotawala ni GTA: San Andreas. Ilitoka mwaka 2004 na ikatengenezwa Edinburgh huko Scotland, ingawa inahusu vijana weusi wa Marekani mwaka 1992. PlayStation 2 yenyewe ilitoka mwaka 2000 na Sony wakaacha kuitengeneza mwaka 2013, lakini kwetu hakuna aliyeipa taarifa hiyo. Hadithi inaanza na kijana anayeitwa Carl Johnson, kwa kifupi CJ, kurudi mtaani kwao kutoka mji wa mbali kwa sababu mama yake ameuawa. Mazungumzo yote ni ya Kiingereza cha mtaani, na hata mimi mwenye Kiingereza cha chuo nilishika nusu. Wavulana hawahangaiki nacho. Zile sehemu za filamu katikati ya gemu wanaziruka kwa kubonyeza kitufe, isipokuwa ile ya mwanzo. Ile hawairuki. Wanaiita "msibani".

Kila mtu Karagwe anaijua habari hiyo bila kutafsiriwa. Kijana alikwenda mjini, hakupiga simu miaka mingi, mama amekufa, anateremka na begi moja, na kabla hajafika nyumbani tayari amepata matatizo na polisi. Anafika makaburini, ndugu wanamlaumu: ulikuwa wapi? Nyumba iko wazi, picha ya mama mezani. Nilimsikia mtangazaji wetu akilisimulia tukio lile jioni moja kwa sauti ya chini kabisa, akimweka CJ ndani ya basi la kutoka Mwanza, akimpa shemeji na mjomba ambao ndani ya gemu hawamo, na mjomba yule akiuliza habari ya shamba la migomba kabla hata ya kutoa pole. Watu hawakucheka. Kijana mmoja alitoka nje. Baadaye nikaambiwa yeye mwenyewe alichelewa mazishi ya baba yake kwa siku mbili, alikuwa vibaruani ng'ambo ya mto.

Sasa angalieni maajabu ya fani. Mashine ile haina memori, ile kadi ndogo ya kuhifadhia ulipofikia. Iliharibika zamani na mwenye kibanda hakununua nyingine. Kwa hiyo umeme ukikatika, na unakatika, au jioni mashine ikizimwa, safari yote inafutika na kesho CJ anaanza upya, anateremka na begi lake, anakwenda msibani. Wavulana hawa wameicheza gemu hii miaka na miaka na hakuna hata mmoja anayejua inavyoisha. Watengenezaji walikusudia iwe riwaya ndefu yenye miji mitatu. Pale Omurushaka imegeuka kuwa ngano fupi inayorudiwa kila siku, na kwa kuwa inarudiwa, inabadilishwa kila siku. Mhakiki wa Edinburgh atasema wamekosa sehemu kubwa ya kazi. Mimi nasema wameipata kazi nyingine. Kuna siku nilijaribu kuwaambia mwisho wake, maana nilikuwa nimeusoma, wakanifukuza.

Tena kuna daftari. Ni daftari la kaunta lililochanika jalada, linalokaa juu ya runinga, ndani yake zimeandikwa kodi za gemu, siyo zile za pango. Kodi ni mfuatano wa vitufe. Ukibonyeza sawasawa unapewa silaha, au fedha na afya. Zimenakiliwa kwa mikono tofauti, kalamu tofauti, kutoka daftari la kibanda kingine, nalo kutoka jingine. Lakini hakuna anayefungua daftari lile, wanazijua kwa kichwa, na wanazitamka kwa mdundo huku mwenzao akibonyeza: kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Mkia huo ni wa kodi ya silaha za kwanza na pia ni wa kodi ya fedha na afya. Kinachotofautisha ni kitufe kimoja tu kabla yake. Silaha za daraja la pili zinaanza vilevile na kubadilika mwishoni kabisa: kushoto, chini, chini, kushoto. Wale mliosoma Albert Lord (1960) kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia mnajua ninaelekea wapi. Fomula ni kikonyo kinachorudiwa, na ufundi uko pale unapogeuza kipande kidogo mwishoni bila kupoteza mapigo. Dogo wa darasa la tano, ambaye mwalimu wake analalamika kwamba hawezi kukariri hata jedwali la saba, alizitamka mbele yangu kodi kumi na moja bila kukosea. Sisemi mwalimu ana makosa. Nasema kichwa kipo.

Hali kadhalika majigambo. Katika taksonomia tunayofundishwa kuna kivugo, yaani majigambo ya shujaa anayejisifu kwa matendo yake mwenyewe, na jadi hiyo ni ya kwetu huku kwenye maziwa makuu: mtu anasimama, mkuki mkononi, mbele ya mtawala au mbele ya wakwe, anamwaga sifa zake kwa kasi bila kuvuta pumzi. Tuliofanya mtihani wa fasihi simulizi tuliandika kwamba utanzu huu unafifia. Ukitaka kuuona, subiri mtu ashinde mechi tano mfululizo. Kwanza anasimama, hakuna anayejigamba akiwa amekaa. Pedi haiachi, anainyoosha mbele kwa mkono wa kulia. Kisha anajitaja kwa jina la kupachika, anataja aliowafunga mmoja mmoja na mabao yao, anataja baba zao kidogo, na anamalizia kwa kumwita anayefuata. Wanaosikiliza wanapiga benchi. Mmoja alijiita "Mvua ya Vuli Isiyopiga Hodi". Nilimuuliza kama babu yake alikuwa mtu wa majigambo, akasema hajui vitu hivyo, dada, yeye ni mchezaji tu.

Niseme kidogo kuhusu kuitwa dada. Wasichana hawakai kibandani. Mimi nilivumiliwa kwa sababu ni wa chuo, na kwa sababu nilinunua karanga. Nilipoomba pedi mara ya kwanza palitokea ukimya kama wa kanisani. Nilifungwa sita. Nilipofunga bao la kwanza, wiki ya tatu, mtangazaji, ndugu yangu wa damu, alinipa jina la mke wa mwenye duka anayekuja kudai hela. Walicheka, nami nilicheka, lakini usiku nililifikiria. Katika masimulizi yale yote, ya mpira na ya San Andreas, mwanamke alikuwa ama marehemu mama ama mdai. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyetusimulia ngano zote tulipokuwa wadogo, hangekaribishwa kwenye benchi lile. Hilo ni pengo la maudhui na sitalifunika kwa sifa.

Nirudi kwenye PlayStation 4. Huko walicheza FIFA 20, ingawa yapo matoleo ya karibuni zaidi na jina lenyewe la FIFA liliachwa na kampuni ya EA mwaka 2023 ikaja EA Sports FC, kama ambavyo Konami waliacha jina la PES mwaka 2021 na kuiita eFootball. Nilimuuliza mwenye kibanda kwa nini hanunui toleo jipya. Akasema fedha, kisha akasema sababu ya kweli: Samatta. Mbwana Samatta alisajiliwa Aston Villa Januari 2020, na tarehe 1 Machi mwaka huo akafunga bao kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, mechi ambayo Villa walifungwa 2–1. Katika mashine ile bado yuko Villa. Duniani aliondoka zamani. Kibandani hajaondoka, na ile fainali inachezwa upya karibu kila jioni, na mara nyingi Villa wanashinda. Mtangazaji alipofika kwa Samatta hakuhitaji kumpa kijiji, alikuwa naye tayari. Mzee mmoja jirani, ambaye huja kukaa kizingitini akitafuna kahawa, haelewi gemu hata chembe, lakini jina hilo likitajwa anauliza: "Amefunga?" Wanamjibu, "Amefunga, mzee, shikamoo."

Najua pingamizi. Nimezisikia nyumbani kabla ya kuzisikia chuoni. Watoto wanatoroka shule, kweli. Kuna kamari; kweli, pembeni ya mechi za shilingi 200 zinawekwa dau za elfu mbili, na nimeona ngumi. Na kuna la kwetu wenyewe. Msomaji wa Kagera anaijua butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu mtu ana shida leo. Mdogo wangu aliuza butura ya miti ambayo si yake, ya mama yake, ili alipe deni la kibandani. Mama mdogo aliligundua wakati wa mavuno, mnunuzi alipokuja na magunia. Siku ile sikuwa na nadharia yoyote ya kumweleza. Alinitazama mimi, siyo yeye, akasema, "Wewe ndiye ulikuwa unamkalisha huko." Sikumjibu, maana nilikuwa nimejaza daftari mbili za maelezo na sijawahi hata mara moja kumuuliza yule kijana anayelipia masimulizi yake kwa nini. Mtangazaji hacheki bure: ili ukae pale lazima nawe ucheze, na ukicheza utafungwa. Fanani wetu alikuwa analipa kiingilio cha kusimulia.

Kwa hiyo kibanda si pepo. Lakini pingamizi la mhadhiri lilikuwa jingine, kwamba fasihi iko wapi, nami nadhani sasa nimeonyesha iko wapi. Ningeweza kuishia hapa kama nisingerudi nyumbani Julai 2025.

Nilikuta kibanda kipo, benchi ni mbili badala ya tatu, na wavulana saba. Nilidhani umeme, kumbe ni simu. Katika mwaka ule mmoja simu janja za bei ndogo, nyingi zikiwa zimetumika, ziliingia kwa wingi mitaani kwetu, na eFootball inapatikana bure simuni, na Free Fire ya Garena vilevile. Unachohitaji ni bando. Mimi mwenyewe huku chuoni nilikuwa nimeicheza eFootball usiku hosteli miezi kadhaa, nikifungana na watu nisiowajua, na nakiri ni gemu nzuri, picha safi kuliko ile kongwe yetu. Lakini hebu tuipime kwa vipengele vilevile. Mahali: popote, yaani si mahali. Wakati: wowote. Hadhira: hakuna. Anayeshinda anaandikiwa na mashine kwamba ameshinda, kwa Kiingereza, kisha anatafutiwa mwingine. Sheria ya "aliyefungwa analipa, mshindi anabaki" haipo, kwa hiyo hakuna wa kusimama na kujigamba, na hata akisimama atajigamba kwa nani, mwenzake yuko nchi nyingine na hamsikii. Wale saba waliokuwa kibandani, wanne walikuwa na simu mikononi, vipokea sauti masikioni, kila mmoja na mechi yake. San Andreas haikuwashwa wiki nzima niliyokuwa pale. CJ hakwenda msibani.

Tumezoea kulalamika kwamba teknolojia imeua hadithi za bibi. Ninachokisema ni tofauti kidogo, na kinanitisha zaidi: teknolojia ile ya kwanza, ile mashine ya benchi na pedi mbili, ilikuwa imezaa utanzu mzima hapa kwetu, wenye fomula zake, majigambo yake na fanani wake, na umeanza kufa kabla mtu yeyote hajaurekodi hata dakika kumi. Nami ni mmoja wa wasiorekodi. Mwaka 2024 nilimwomba mdogo wangu nimrekodi kwa simu, akakataa: "Dada, ukirekodi nitaanza kuongea kama mtu wa redio." Nilikubali haraka mno. Wakusanyaji wa ngano na tendi waliwabembeleza mafanani wao kwa miezi.

Baada ya lile la kahawa yeye alihamishiwa Murongo kwa mjomba, anaendesha bodaboda. Nilimfuata huko Agosti, safari ya vumbi kupitia Nkwenda, nikamkuta kijiweni karibu na mpaka, amekaa juu ya pikipiki, anacheza eFootball akisubiri abiria. Amekonda. Tulisalimiana, nikampa habari za nyumbani, kwamba mama yake ameanza kumtaja kwa jina tena. Kisha nikamwambia ukweli kwamba nimekuja kumrekodi, safari hii asinikatalie.

Akacheka. "Nimtangazie nani, dada? Hapa kila mtu ana mechi yake."

Nikamwambia anipe simu nicheze mimi, yeye atangaze. Akatoa kipokea sauti kimoja sikioni, kisha cha pili. Dakika za kwanza alikuwa anajilazimisha, anasema sentensi za redio kweli kama alivyonionya. Nilipopoteza mpira kijinga katikati ya uwanja akashindwa kujizuia, akamtaja beki wangu kuwa binti wa chuo aliyeletwa Murongo kwa mkopo wa serikali. Mwenye pikipiki ya pembeni akageuza shingo. Wa pili akauliza, kwa lafudhi ya Kinyankole cha ng'ambo, ni nani huyo anayecheza vibaya hivyo. "Anaupeleka wapi?" akauliza mdogo wangu, bila kumwangalia mtu, na yule wa ng'ambo akajibu, "Kikagati!"

Nina dakika sita na nusu za sauti, pamoja na upepo na honi. Nilikuwa nimefungwa mawili bila alipotokea mama mmoja na mzigo wa mihogo anakwenda Kaisho, na mechi ikabaki dakika ya sabini.